Mwarobaini, Kwinini na Tembe za AL: Jinsi Majani Yalivyopimwa Hadi Yakawa Dawa

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, ila songeza redio karibu kidogo, maana leo nina historia ndefu, na ilianza na swali nililoulizwa na nyanya mmoja nikashindwa kulijibu.

Ulikuwa msimu wa mvua ya masika, mwaka wangu wa kwanza kazini baada ya kupata diploma ya uuguzi. Nyanya huyo alifika kwenye zahanati kwa bodaboda akiwa amempakata mjukuu wake wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa amelegea. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na alikuwa akihema kama mtu aliyepanda mlima. Kwa siku nne alikuwa amenyweshwa maji ya mwarobaini na kufukizwa chini ya blanketi. Tulimtoboa kidole tukapima: malaria, na damu imepungua vibaya. Tukamdunga sindano ya kwanza, tukaita gari la kumpeleka hospitali kubwa akaongezewe damu.

Badala ya kumtuliza nyanya wa watu, nilimfokea. Nilimwambia alitaka kutuletea maiti kwa sababu ya majani. Yeye hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, hiyo sindano mliyomdunga imetoka wapi? Nilisikia kwenye redio kwamba inatokana na majani ya Uchina. Sasa majani ya Uchina ni dawa, na yangu ni takataka?"

Nilinyamaza. Gari lilikuja, wakaondoka, nami nikabaki na swali lile. Alichosema kilikuwa kweli. Dawa mbili zilizookoa watu wengi kutokana na malaria duniani zilitoka kwenye mimea. Nilianza kusoma ili nijue tofauti iko wapi kati ya sufuria yake na chupa yangu ya sindano. Nilichopata ndicho ninachowaletea leo.

Tuanze na mti wa kwanza. Katika milima ya Andes, Amerika Kusini, kuna mti uitwao sinkona. Magome yake ni machungu kama shubiri. Katika miaka ya 1600 mapadre Wajesuti waliokuwa Peru walipeleka magome hayo Ulaya, ambako malaria ilikuwa ikiua watu kama huku kwetu. Yalisagwa, yakachanganywa na divai, wagonjwa wakanywa. Wengine walipona kabisa. Wengine walikunywa kiasi kile kile wakafa.

Kwa nini? Kwa sababu magome hayafanani. Mti mmoja una dawa nyingi, jirani yake ana kidogo, na mwingine hana hata chembe. Tena wafanyabiashara hawakukosa ujanja, walichanganya magome ya miti mingine michungu wakauza. Mgonjwa angejuaje? Uchungu ulimi unauonja, lakini nguvu ya dawa ulimi hauwezi kuipima. Mambo yalikaa hivyo hadi mwaka 1820, wakati Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walipofaulu kuitoa dawa yenyewe kutoka kwenye magome wakiwa mjini Paris. Waliiita kwinini. Tangu hapo daktari aliweza kuipima kwa mizani: mtu mzima kiasi hiki, mtoto kiasi kile. Mama aliyewahi kulaza mtoto hospitalini miaka ya nyuma anaikumbuka kwinini ya dripu, na masikio yanayovuma.

Hapo pana jambo la kwanza ambalo ningemwambia yule nyanya. Mwarobaini unachuma konzi moja leo na konzi moja kesho. Je, konzi ya leo ina nguvu sawa na ya jana? Majani ya mti ulio kisimani na ya mti ulio kwenye mawe ni mamoja? Hakuna ajuaye, hata mimi.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na naomba uniazime masikio. Tutajuaje kwamba mmea umeua vimelea vya malaria? Jibu la haraka ni kusema mgonjwa alikunywa akapona. Lakini homa ya malaria hupanda na kushuka yenyewe. Leo jioni mtoto anatetemeka, usiku anatoka jasho, asubuhi anaomba uji. Ukimfukiza usiku huo, utasema ni mvuke uliomponya, kumbe vimelea vimo ndani ya damu vinazaana, na kesho kutwa vinapasua chembe nyingine za damu. Sisi watu wazima tuliokulia sehemu zenye malaria tuna kinga kiasi. Mtu mzima anaweza kunywa mwarobaini, akalala siku mbili, akaamka na kurudi shambani, hata kama maji yale hayakuua kimelea hata kimoja. Mtoto wa chini ya miaka mitano hana kinga hiyo. Kwa hiyo ushahidi wa "mimi nilikunywa nikapona" hautoshi kumwekea mtoto. Ni lazima vimelea vihesabiwe kwa hadubini, kabla ya dawa na baada ya dawa.

Lakini vihesabiwe kwa nani? Huwezi kumchukua mtoto mgonjwa ukamjaribia mmea usioujua. Watafiti walianza na ndege, kwa sababu kuku na bata nao wana malaria zao. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwinini ilipokosekana kwa sababu Wajapani waliiteka Java ambako sinkona ilipandwa kwa wingi, Wamarekani walitafuta dawa nyingine kila mahali. Mwaka 1947 walichapisha matokeo ya kupima mimea zaidi ya 600 kwa ndege. Hebu fikiria kazi hiyo: mimea mia sita, mmoja baada ya mwingine, na mingi haikufanya lolote.

Mmoja wa mimea iliyopimwa miaka hiyo ni wa Kichina, changshan. Watu wa Uchina walikuwa wameutumia kutibu homa kwa karne nyingi. Ulipopimwa, kitu kilichomo ndani yake kiliua vimelea vya malaria kwa nguvu sana. Wataalamu wakafurahi. Furaha haikudumu, kwa sababu dawa hiyo iliwatapisha watu vibaya na ilikuwa na sumu, ikashindwa kutumika. Nawaambia habari hii kwa sababu kuna akina mama wanaoniambia, "Lakini sista, mwarobaini umeonekana kuua malaria kwenye maabara." Kuua malaria ni nusu ya kazi. Hata jiki inaua vimelea. Swali ni kama itaua vimelea na kumwacha mtoto.

Baada ya ndege wakaja panya. Na hapa kuna jambo la karibu na sisi: mwaka 1948 watafiti wawili, Vincke na Lips, walipata malaria ya panya wa msituni huko Katanga, Kongo. Kimelea hicho hakimwambukizi binadamu, lakini huishi vizuri ndani ya panya mweupe wa maabara. Tangu hapo, sehemu kubwa ya dawa za malaria duniani zimepitia kwa panya wenye kimelea kilichotoka msitu wa Kongo. Panya huambukizwa, wengine hupewa dawa kwa siku nne, wengine hupewa maji tu. Siku ya tano hutolewa tone la damu mkiani, na vimelea huhesabiwa. Wale waliopewa maji tu ndio muhimu kuliko wote. Bila wao huwezi kujua kama ni dawa iliyofanya kazi au panya angepona mwenyewe.

Sasa twende Uchina, kwa mama ninayempenda katika historia hii yote.

Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, askari wengi walikuwa wakiugua malaria isiyosikia klorokwini. Serikali ya Uchina ikaanzisha mradi wa siri, ukaitwa Mradi 523 kwa kuwa ulianza tarehe 23 Mei. Mwaka 1969 kazi ya kutafuta dawa katika mitishamba alipewa Tu Youyou, mtaalamu wa dawa mwenye umri wa miaka 38. Hakuwa na shahada ya udaktari. (Sisi wa diploma huwa tunapenda kulitaja hilo.) Mumewe alikuwa amepelekwa kufanya kazi mashambani. Alikuwa na mabinti wawili wadogo. Mkubwa alimwacha katika shule ya chekechea ya bweni, mdogo akampeleka kwa wazazi wake. Alipokuja kumwona baadaye, yule mdogo hakumtambua mama yake. Mama yeyote aliyewahi kuacha mtoto kwa nyanyake ili aende kutafuta kazi anajua maumivu hayo.

Tu na wenzake walianza kwa kukusanya maarifa ya wazee. Walisoma vitabu vya kale na kuwauliza waganga, wakapata maelekezo zaidi ya 2,000. Kutoka kwa mimea kama 200 walitengeneza sampuli zaidi ya 380, wakazijaribu kwa panya wenye malaria. Mmea mmoja uitwao qinghao, ambao huku tunauita artemisia, ulipunguza vimelea kwa asilimia 68. Walipourudia, ukashuka hadi kati ya asilimia 12 na 40. Siku moja unafanya kazi, siku nyingine haufanyi. Ni ile hadithi ya magome ya Peru tena.

Wengi wangeuacha. Tu alirudi kwenye vitabu. Katika kitabu cha mganga Ge Hong, aliyeishi miaka ya 300 baada ya Kristo, alikuta kwamba mmea huo ulilowekwa katika maji ya kawaida, ukakamuliwa, na maji yake yakanywewa. Hapakuwa na moto. Tu akajiuliza: je, tunapochemsha tunaiharibu dawa? Akaacha kuchemsha, akatumia etha, kiowevu kinachochemka kwa nyuzi 35 tu, joto lisilofika hata la mwili wetu. Akatumia majani peke yake, kwa sababu shina halina dawa. Kisha akaondoa sehemu iliyokuwa na asidi na sumu. Tarehe 4 Oktoba 1971, sampuli namba 191 ilijaribiwa kwa panya. Vimelea vyote viliisha. Ikajaribiwa kwa nyani, matokeo yakawa yale yale.

Hapo nami nilisimama kusoma nikamkumbuka yule nyanya na sufuria yake ikitokota.

Bado haikuwa dawa. Baadhi ya wanyama walionyesha dalili za madhara, na watu wakabishana kama ni salama. Msimu wa malaria ulikuwa unapita. Mwaka 1972 Tu na wenzake wawili walilazwa hospitalini wakainywa wao wenyewe, wakiangaliwa na madaktari. Hawakudhurika. Ndipo ikapelekwa kwa wagonjwa 21 katika kisiwa cha Hainan, na homa ikashuka, vimelea vikatoweka. Baadaye mwaka huo huo dawa yenyewe ilipatikana ikiwa safi, kama chembe za chumvi. Ikaitwa artemisinini. Na hata hapo, walipoifanya tembe mwaka uliofuata, tembe zilishindwa kutibu. Wakachunguza wakakuta tembe zilikuwa ngumu mno, hazivunjiki vizuri tumboni! Walipoiweka kwenye kapsuli, ikafanya kazi. Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1976 ikaja njia iliyorahisisha upimaji wa mimea kote duniani. Huko New York, William Trager na James Jensen walifaulu kukuza vimelea vya malaria ya binadamu nje ya mwili, ndani ya damu iliyowekwa kwenye visahani. Vimelea havipendi hewa yenye oksijeni nyingi. Kwa hiyo waliweka visahani ndani ya chombo pamoja na mshumaa unaowaka, wakafunika. Mshumaa ulipozimika, hewa ikawa inafaa. Mshumaa tu, kama ule unaouwasha stima ikipotea. Leo maabara ikitaka kujua kama mmea una nguvu, hudondoshea maji ya mmea kwenye visahani kama hivyo, na baada ya siku mbili au tatu huhesabu vimelea vilivyobaki. Pembeni huweka chembe nyingine za mwili, kuona kama mmea unaziua nazo.

Hapa Kenya kazi hiyo hufanywa pia. KEMRI ina kituo kinachochunguza dawa za kienyeji. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba wataalamu wamedharau mitishamba. Wanaitafuta kila siku.

Na mwarobaini? Huo ni mti uliotoka upande wa India ukazoea kwetu, tukaupa jina kwa magonjwa arobaini. Umepimwa mara nyingi. Kwenye visahani, vitu vilivyomo ndani yake huua vimelea. Ukiingia mwilini mwa mnyama, nguvu hiyo mara nyingi hupotea, kwa sababu tumbo na ini huvunja vitu kabla havijafika kwenye damu. Hadi leo hakuna dawa ya malaria iliyotokana na mwarobaini iliyopita ngazi zote. Tena mafuta yake ni hatari kwa mtoto mchanga. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wadogo walionyweshwa mafuta hayo wakapata degedege na kuharibika ini. Mama, kuoga kwa maji ya mwarobaini sina ugomvi nako. Usimnyweshe mtoto.

Turudi kwa artemisia. Kenya iliacha klorokwini mwaka 1998, kwa kuwa malaria ilikuwa imeizoea. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, na nakumbuka ilivyowasha mwili usiku kucha. Ikaja Fansidar, nayo ikachoka upesi. Mwaka 2004 serikali iliamua kutumia AL, na kufikia 2006 ilikuwa ikitolewa katika vituo vya afya. Ile A ni artemeta, dawa iliyotengenezwa kutokana na artemisinini. Huua vimelea kwa haraka sana, lakini hutoka mwilini baada ya saa chache. L ni lumefantrini, ambayo hubaki siku kadhaa kumalizia waliojificha. Zimefungwa pamoja makusudi.

Kwa wagonjwa mahututi ilibaki kwinini, hadi ulipofanyika utafiti mkubwa katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2010. Watoto 5,425 wenye malaria kali waligawanywa kwa bahati nasibu. Kati ya waliodungwa kwinini walifariki 297, na kati ya waliodungwa atesuneti, ambayo pia imetokana na artemisinini, walifariki 230. Makundi yalikuwa karibu sawa kabisa kwa idadi. Hao watoto 67 ndio tofauti kati ya mti wa Peru na majani ya Uchina, na ndiyo sababu mjukuu wa yule nyanya alidungwa atesuneti.

Kuna wanaopanda artemisia nyuma ya nyumba na kunywa kama chai, wakisema ni kitu kile kile. Katika gramu 100 za majani makavu huenda kukawa na gramu moja ya artemisinini, au pungufu sana, na haiyeyuki vizuri majini. Chai hiyo inaweza kuteremsha homa, mtoto akacheza, kisha baada ya wiki malaria ikarudi. Kibaya zaidi, vimelea vikionja dawa kidogo kidogo hujifunza kuishi nayo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba haliungi mkono matumizi ya majani hayo kwa malaria. Vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini vilionekana kwanza Kambodia, na kufikia 2021 watafiti walikuwa wamevieleza Rwanda na Uganda, majirani zetu hapa.

Kwa hiyo mtoto akichemka mwili, siku hiyo hiyo mpeleke kwa mhudumu wa afya wa jamii au zahanati atobolewe kidole. Akipewa AL, ni mara sita kwa siku tatu: dozi ya kwanza hapo hapo, ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni. Mpe baada ya maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, kwa sababu dawa hii huingia mwilini vizuri pamoja na mafuta. Akitapika ndani ya nusu saa, mrudishie dozi, urudi kutuambia dawa imepungua. Akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege, akilegea, au akihema kwa shida, usingoje asubuhi.

Yule mtoto aliongezewa damu, akarudi nyumbani baada ya siku sita. Juma lililofuata nilipanda bodaboda hadi kwao, nikamwomba nyanya msamaha, nikamweleza habari ya Tu Youyou na moto. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka. "Kwa hiyo huyo mama alisoma kitabu cha mzee," akasema. Nikamwambia ndiyo, alikisoma, kisha akakipima. Akaingia ndani akaniletea karatasi ya AL aliyopewa hospitalini, nihesabu kama alimpa mtoto tembe zote. Zilikuwa zimekwisha.